Mapigo Sabini na Mbili

Skopje, Februari. Hita ya studio inakohoa
kama mtu aliyeambiwa anyamaze.
Juu ya karatasi, kabla ya noti ya kwanza,
wametuandikia:
mapigo sabini na mbili kwa dakika,
ufunguo wa D maina,
na hali: huzuni, ila isilie.

Blagica, ninayegawana naye karatasi, ananong'ona:
"Isilie, basi ifanyeje? Ipige mswaki?"
Nacheka puani. Metodija anainua fimbo,
na ndani ya visikizio, sikio la kushoto tu,
saa inaanza kugonga, tik, tik,
saa isiyojua ni saa ngapi.

Kwenye skrini mwanamke anafunga duka la mikate.
Kwa nini, hatujui. Sisi hatuambiwi kitu.
Tunaona mgongo, koti la kijivu, funguo mkononi;
nasi tunao ufunguo wetu, tunaingia nao.

Selo zinatangulia, zinashuka ngazi gizani.
Besi ya Zafir iko chini kabisa, imebeba nyumba.
Asubuhi daktari alimshika mkono akahesabu:
sabini na mbili, mzee, moyo wa kijana.
Ametusimulia sote, mara mbili mbili,
hata fundi wa nyaya hakusalimika.

Mimi na viola yangu kazi yetu iko mwishoni.
Noti moja. F, ndefu, hesabu thelathini na mbili.
Usiidharau.
D iko chini, A iko juu, kuta mbili tupu,
na hakuna ajuaye nyumba hii ni ya nani
mpaka nifike mimi.
Kidole kikisogea mbele upana wa ukucha
msiba unageuka harusi:
mwanamke anafunga duka kwa sababu ameposwa,
au ameshinda bahati nasibu, sijui.
Kikibaki hapa, amefiwa.
Miaka kumi na tisa nalipwa kwa saa
ili kidole kibaki hapa.

Mara ya nne ilitoka.
Tulijua, maana hakuna aliyeharakisha kugeuza karatasi.
Mpiga obo alifuta jicho akasingizia vumbi.

Ndipo Sunniva, mwenye filamu yake, akasema kutoka Bergen,
sauti imechelewa nusu sekunde nyuma ya midomo:
asanteni, inapendeza, inapendeza mno.
Ila pale mlangoni nimekata sekunde mbili,
kwa hiyo twende sabini na sita.
Na ile kodi ya mwisho,
naona inawatoza watu machozi kabla hawajadaiwa.
Nani ana F? Aiache.
Nataka pasijulikane.

Tukapiga upya.
Kwa sabini na sita mwanamke yuleyule
anatembea kama mtu anayewahi basi.
Zafir aliinamia besi yake, hakumtazama mtu.
Na mwisho ukaja: D chini, A juu,
katikati upepo unapita bila kubisha hodi.
Nilishika upinde hewani, nahesabu,
thelathini, thelathini na moja,
na niseme ukweli, ingawa unaniuma:
ilikuwa nzuri zaidi.

Oktoba nilikata tiketi yangu mwenyewe.
Nyuma yangu mtu anatafuna mbegu za maboga.
Mlango unafungwa, koti la kijivu linapita,
ukumbi unaachiwa kuta zake mbili,
na yule wa mbegu anaacha kutafuna.
"Amefiwa," anamuuliza mkewe, "au vipi?"
"Nyamaza."

Kwenye mkono wa kiti, juu ya kitambaa kilichochakaa,
kidole changu kinabonyeza,
kinasogea upana wa ukucha,
kinarudi.